Ala Tupu, Karaoke na Pleibeki: Tatizo la Istilahi za Muziki Usio na Mwimbaji

Utangulizi

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya istilahi inahusu maabara, mahakama na viwanda tu, na kwamba maneno ya starehe yaweza kujitunza yenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hata maneno ya starehe yana gharama yakiachwa bila mpaka. Yanazungumzia dhana chache za muziki ambazo katika usemi wa kila siku huitwa kwa jina moja, yanaeleza zilikotoka, kisha yanapendekeza majina ya kuzitenganisha. Mtafsiri wa sheria, mwalimu wa muziki na ofisa utamaduni wa wilaya, kila mmoja kwa upande wake, watayahitaji majina hayo.

Swali lenyewe lilizuka Omurushaka, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Mji huu mdogo ni njia panda: barabara ya Kyaka na Kayanga hukutana hapo na ile iendayo Kyerwa hadi Murongo, mpakani mwa Uganda. Tangu Kyerwa ilipotengwa na Karagwe kuwa wilaya ya peke yake mwaka 2012, watu wa wilaya zote mbili wameendelea kukutana hapo kwa biashara. Maneno nayo hukutana hapo: Kinyambo cha wenyeji, Kiswahili cha Bukoba na cha Dar es Salaam, na maneno ya Kampala yanayovuka Mto Kagera pamoja na nyimbo.

Mwandishi wa makala haya alikuwa amefika hapo kukusanya maneno ya ufundi na biashara ndogo ndogo. Katika kibanda kimoja, kijana mwenye kompyuta alikuwa akiwaingizia wateja nyimbo katika kadi za simu. Kwa muda wa saa moja wakaja wateja watatu. Wa kwanza, mshereheshaji wa harusi, alitaka nyimbo za mapenzi zinazojulikana, ila zisizo na maneno, ili zisikike taratibu wakati wageni wanakula. Wa pili, mwenye baa, alitaka muziki wa kuwaimbisha wateja wake Jumamosi usiku. Kijana aliwaelewa wote wawili, na kazi zote mbili akaziita "ala tupu".

Mteja wa tatu alikuja kudai fedha zake. Alikuwa kiongozi wa kwaya. Wiki iliyotangulia alinunua "ala tupu" ya wimbo ambao kwaya yake iliombwa kuuimba katika harusi. Hawakupata nafasi ya kufanya mazoezi na rekodi ile. Siku ya siku, muziki ulipowashwa na kwaya ikaanza, gitaa nalo likaanza kuimba mahadhi yale yale, tena kwa madaha, likichelewa hapa na kupamba pale. Wimbo ukawa na viongozi wawili. Wasichana wa sauti ya kwanza walijaribu kulifuata gitaa, wa sauti ya pili wakamfuata kiongozi wao, na katika ubeti wa pili kwaya nzima ikanyamaza mbele ya wageni huku gitaa likiendelea. Familia ya bwana harusi haikulipa kilichosalia. Kijana wa kibandani alijitetea kwamba alitoa kile kile alichoombwa: rekodi ilikuwa ya ala, na haikuwa na sauti ya mtu hata moja. Kwa hakika kila mmoja wao alikuwa amesema kweli kwa Kiswahili chake. Kasoro ilikuwa katika istilahi.

Nani amebeba mahadhi?

Njia rahisi ya kuzitenganisha dhana hizi ni kuuliza swali moja: katika rekodi hii, nani amebeba mahadhi? Kwa mahadhi twakusudia ule mpando na mshuko wa sauti ambao mtu huweza kuupiga mluzi hata akiwa amesahau maneno yote ya wimbo. Swali hilo lina majibu matatu.

Jibu la kwanza ni kwamba mahadhi yamebebwa na ala. Fidla, gitaa, zumari au kinanda kimeshika kazi ya mwimbaji, na msikilizaji hana la kufanya ila kusikiliza. Hapa tena pana aina mbili. Upo muziki uliotungwa tangu mwanzo bila maneno. Na upo wimbo wenye maneno ambao mpigaji mwingine ameuchukua, akaondoa maneno, na mahali pa sauti ya mtu akaweka ala. Hiki cha pili ndicho alichopewa kiongozi wa kwaya, na ndicho kilichomfaa mshereheshaji.

Jibu la pili ni kwamba mahadhi hayajabebwa na mtu yeyote. Ngoma, besi na ala za kuitikia zipo, lakini mahali pa mwimbaji pameachwa ili aje mtu apajaze. Hiki ndicho kiongozi wa kwaya alichokitaka na mwenye baa alichokihitaji.

Jibu la tatu ni kwamba mahadhi yamebebwa na sauti iliyorekodiwa zamani, na mtu aliyesimama jukwaani anachezesha midomo tu, au anaimba kidogo juu ya sauti yake mwenyewe ya jana.

Wasomaji walio watumishi wa serikali wameshakutana na tofauti hii pengine bila kuiwekea maanani. Katika ratiba ya sherehe huandikwa "Wimbo wa Taifa kupigwa" au "Wimbo wa Taifa kuimbwa". Ukipigwa na bendi ya tarumbeta, mahadhi yamo katika tarumbeta, na watu husimama kimya. Ukiimbwa, watu wenyewe ndio wenye mahadhi. Kiswahili kimeitenganisha kazi hiyo kwa vitenzi viwili vya kawaida kabisa, nao waandishi wa ratiba hawakuhitaji kamati. Ugumu huanza pale tunapotaka nomino.

Muziki wa ala si mgeni kwetu

Haifai kudhani kwamba muziki usio na maneno ulikuja Afrika ya Mashariki pamoja na santuri. Wapenzi wa taarabu ya Zanzibar walifahamu kwa jina maalumu ule muziki wa ala unaofungua jioni kabla mwimbaji hajasimama: huitwa bashraf. Neno na mtindo vimetoka kwa Waturuki, vikapitia Misri, na vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club vimeendelea kuupiga. Hii ni istilahi kamili, iliyoenea na yenye maana moja. Lakini ni ya fani moja. Haitafaa kumwita mpiga gitaa wa Memphis kuwa anapiga bashraf.

Tukirudi Kagera, mambo ni tofauti. Kwa Wahaya na Wanyambo, enanga ni jina la ala ya nyuzi iliyochongwa mfano wa kihero, na ni jina la utungo unaoghanwa pamoja na ala hiyo. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu tendi za enanga za Wahaya, ameonyesha jinsi sauti ya mghani na nyuzi zinavyofanya kazi moja. Mtindo wa ala na utungo kushirikiana jina hutufundisha jambo: pale ambapo ala na sauti hazikutenganishwa katika mazoea, lugha nayo haikuona haja ya majina mawili. Haja huja siku ambayo mashine inazitenganisha.

Mahadhi yanayohama

Kuchukua wimbo wa mwingine na kuufanya upya ni desturi ya zamani, na huenda kwa njia nyingi. Mombasa, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana sana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Hapo mahadhi yalibaki na maneno yakabadilika. Kusini mwa Afrika, August Musarurwa wa Rhodesia ya Kusini alitunga "Skokiaan" kwa saksafoni; mwaka 1954 muziki huo ukavuka bahari, Louis Armstrong akaurekodi, na huko Marekani ukatungiwa maneno ya Kiingereza. Hapo kilichotoka kikiwa ala kikawa wimbo.

Njia ya tatu ni kinyume cha hiyo, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi: wimbo kuwa ala. Mwaka 1970 kundi la Booker T. & the M.G.'s la Memphis lilitoa santuri nzima ya nyimbo za Beatles zilizokuwa zimetoka mwaka mmoja tu kabla, kinanda na gitaa vikishika nafasi ya waimbaji. Rekodi za jinsi hiyo zilienea duniani kwa sababu zilifaa hotelini, dukani, katika ndege na katika vipindi vya redio: msikilizaji aliutambua wimbo bila maneno kumvuruga mazungumzo. Mshereheshaji wa Omurushaka alikuwa mteja halali wa mapokeo hayo.

Kagera yenyewe ina mfano wa karibu wa wimbo kufanywa upya. Mwaka 2001 Saida Karoli alitamba nchini kwa "Maria Salome", wimbo wa Kihaya uliopendwa hata na wasiojua lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny walitoa "Salome", uliojengwa juu ya wimbo huo. Watu wengi walio vijana wakati huo waliujua wa pili kwanza. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi uhusiano wa nyimbo hizi mbili anahitaji neno lisilo tusi wala sifa, neno linalosema tu kwamba huu umetokana na ule.

Mahali palipoachwa wazi

Sasa tuje kwenye muziki ulioacha nafasi kwa makusudi. Mwaka 1950, mjini New York, Irv Kratka alianzisha kampuni iliyoitwa Music Minus One, yaani muziki uliopungua mmoja. Santuri zake zilikuwa na wapigaji wote isipokuwa yule ambaye mwanafunzi alikuwa akijifunza kazi yake. Mwanafunzi wa fidla alipata santuri isiyo na fidla. Lengo lilikuwa mazoezi ya nyumbani.

Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1960, rekodi ya wimbo maarufu ilitolewa bila sauti ya waimbaji, na mwenye muziki alipoipiga ukumbini, wachezaji wakaimba wenyewe. Tangu hapo ikawa desturi upande wa pili wa santuri kuwa na wimbo ule ule bila sauti, na waghani wa kule wakapata mahali pa kughania. Wamarekani wa muziki wa kufokafoka nao walifanya vivyo hivyo. Santuri hizo zilipofika Dar es Salaam, vijana waliokuwa hawana bendi wala studio wakajikuta wana muziki kamili unaosubiri maneno. Saleh Jabir alifahamika mwaka 1991 kwa kufoka kwa Kiswahili juu ya muziki wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, ambao nao umejengwa juu ya mlio wa besi wa "Under Pressure" ya mwaka 1981, kazi ya Queen na David Bowie. Wengi huuhesabu mwanzo wa muziki wa kizazi kipya hapo. Ikiwa ni hivyo, basi tawi moja kubwa la muziki wa Tanzania wa leo liliota mahali palipoachwa wazi na mwimbaji mwingine.

Japani ndiko dhana hii ilikopata jina lililoenea dunia nzima. Karaoke ni neno la vipande viwili: kara, yaani tupu, na oke, kifupi cha neno la Kijapani lililotoholewa kutoka okestra. Kwanza lilikuwa neno la mafundi wa redio na wanamuziki, likitaja rekodi ya okestra iliyotumiwa mwimbaji aliposafiri bila wapigaji wake. Mwaka 1967 Shigeichi Negishi, fundi wa vyombo vya umeme mjini Tokyo, aliunganisha kipaza sauti na mashine ya kanda ili aweze kuimba pamoja na muziki. Yasimuliwa kwamba wachuuzi wa mashine yake walilikataa jina la karaoke kwa sababu lilisikika karibu mno na kan'oke, neno la Kijapani la jeneza. Mtu wa istilahi hana budi kulitia moyoni tukio hilo: neno sahihi laweza kukwama kwa sababu ya jirani yake.

Mwaka 1971 Daisuke Inoue wa Kobe, mwanamuziki aliyekuwa akiwapigia wateja wa baa ili waimbe, aliombwa na mteja mmoja, mkuu wa kampuni, aandamane naye katika safari ya mapumziko. Hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki wake ili akaimbe nayo. Baadaye alitengeneza mashine kumi na moja za kutumbukiza sarafu na kuzikodisha katika baa. Hakuandikisha haki ya uvumbuzi. Huko Ufilipino, Roberto del Rosario aliandikisha mashine yake ya kuimbia katika miaka ya 1980, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikampa haki alipoidai. Mmoja alijulikana kwa jina lililoenea. Mwingine alikuwa na hati.

Utata wa neno "tupu"

Msomaji atakuwa ameona kwamba "ala tupu" ni takriban tafsiri neno kwa neno ya karaoke, ingawa kijana wa Omurushaka hakujua Kijapani. Kwa nini basi isitosheke?

Sababu ni kwamba -tupu katika Kiswahili ina maana mbili zinazovutana. Tukisema maji matupu, uongo mtupu au dhahabu tupu, twakusudia kitu kisichochanganywa na kingine, kilicho chenyewe peke yake. Tukisema kiti kitupu, mkono mtupu au nyumba tupu, twakusudia kitu kilichokosa kile ambacho kingepaswa kuwamo. Katika maana ya kwanza kitu kimejaa nafsi yake; katika ya pili kina nafasi. Kwa hiyo "ala tupu" yaweza kuwa ala peke yake, zikijitosheleza, mahadhi yakiwamo. Au yaweza kuwa ala zenye nafasi, zikimngoja mwimbaji. Maana hizo ni majibu mawili tofauti ya swali letu la nani amebeba mahadhi, na neno moja limeyafunika yote. Kiongozi wa kwaya alisikia kiti kitupu. Muuzaji alisikia maji matupu.

Utata wa jinsi hii hausumbui katika mazungumzo ya watu wanaoonana, kwa kuwa mtu aweza kuuliza. Husumbua katika mkataba, fomu ya kibali, kanuni za mashindano ya shule na tafsiri ya sheria, ambako hakuna wa kuulizwa.

Maneno mengine yaliyopo

Kabla ya kubuni neno jipya, kanuni ya kazi yetu yatutaka tutazame yale ambayo wananchi wameshayatumia.

Biti ni neno la studio za muziki wa kizazi kipya. Hutaja muziki uliotengenezwa kabla ya mwimbaji kuingiza sauti. Limekaa vizuri kinywani, lakini hutumika zaidi kwa muziki mpya. Mwalimu wa kwaya hasemi biti ya wimbo wa kitabuni.

Kopi limetumika tangu enzi za bendi zilizopiga nyimbo za watu katika hoteli na kumbi za dansi. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, hudokeza kwamba anayerudia hana la kwake, jambo ambalo mara nyingi si kweli. Pili, ofisini kopi ni nakala, na katika mambo ya haki kunakili rekodi na kupiga upya utungo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kava hutumiwa na vijana kwa wimbo wa mtu uliofanywa upya na mwingine. Lakini kava la simu, kava la kiti na kava la kitabu yameshakaa katika lugha, na maana hii mpya haihusiani nayo.

Karioki ni tamko linalosikika upande wa magharibi ya nchi kutoka Uganda. Hapa tahadhari inatakiwa. Tangu miaka ya 1990 neno hilo nchini Uganda limetaja hasa maonyesho ya jukwaani ambamo vikundi huchezesha midomo kufuata rekodi, pamoja na kucheza na vichekesho. Hilo ni jibu letu la tatu. Basi mwenye baa wa Omurushaka akitangaza "karioki", mteja aliyekulia Kampala atakuja kutazama, na aliyesoma Dar es Salaam atakuja kuimba.

Pleibeki limeenea nchini kwa onyesho la mwimbaji anayefuata rekodi yake. Limezoeleka, halina mshindani, na halina jirani wa kulichafua.

Kwa nini jina ni jambo la haki

Yaweza kusemwa kwamba mambo haya wayamalize wanamuziki wenyewe. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo hutumika Tanzania Bara, inalinda kazi za muziki ziwe na maneno au zisiwe nayo. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Majina hakimiliki na hakishiriki yenyewe ni matunda ya kazi ya istilahi. La kwanza lahusu mtunzi. La pili lahusu watendaji, watengenezaji wa rekodi na watangazaji. Kwa kanuni ya jumla, kila dhana tuliyoitaja inagusa haki za watu tofauti.

Ala inapochukua nafasi ya mwimbaji katika wimbo wa mtu na kurekodiwa upya, mahadhi ya mtunzi yametumika, lakini maneno hayakutumika, wala rekodi ya awali haikuguswa. Muziki unapopigwa upya kwa ajili ya watu kuimbia, mtunzi anahusika, na mwenye maneno naye anahusika mara yanapoimbwa hadharani au kuonyeshwa katika kioo. Rekodi ya awali inapoondolewa sauti, jambo ambalo siku hizi programu za kompyuta hulifanya kwa dakika chache, mtengenezaji wa rekodi na wapigaji wake nao wanaingia, kwa kuwa zinazosikika ni kazi za mikono yao. Na katika pleibeki wote wanahusika, pamoja na mwimbaji ambaye sauti yake inasikika.

Ikiwa ofisa wa wilaya atajaza "ala tupu" katika hati zote nne, mtu fulani atakosa malipo bila yeyote kukusudia kumdhulumu. Afrika ya Mashariki ina kumbukumbu ya "Malaika", wimbo ulioimbwa na Fadhili William, Miriam Makeba na, mwaka 1981, Boney M., na ambao utunzi wake umegombewa kwa miaka mingi. Istilahi haiwezi kuamua nani alitunga. Inaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba fomu inauliza swali lililo sahihi tangu siku ya kwanza.

Mapendekezo

Kwa sababu hizo mwandishi anapendekeza majina yafuatayo yajadiliwe na wasomaji kabla ya kufikishwa mbele ya kamati.

1. Muziki wa ala: muziki uliotungwa bila maneno. Katika taarabu neno bashraf libaki kwa maana yake maalumu. Mfano: Jioni ilifunguliwa kwa muziki wa ala.

2. Rudio (wingi marudio): wimbo wa mtu uliofanywa upya na mwingine, kwa namna yoyote. Neno linatokana na kitenzi rudia, halibezi wala halisifu. Ni kweli kwamba redioni marudio ni kipindi kinachorushwa tena; lakini muktadha hutenganisha, na umoja rudio hauna mgongano. Mfano: Wimbo huu ni rudio la wimbo wa mwaka 2001.

3. Rudio la ala: wimbo wenye maneno uliofanywa upya kwa ala pekee, mahadhi yakibebwa na ala. Mfano: Wakati wa chakula yatapigwa marudio ya ala.

4. Muziki wa kuimbia: muziki ulioachiwa nafasi ya mwimbaji. Muundo huu ni wa kawaida katika lugha yetu, kama kalamu ya kuandikia au kisu cha kukatia nyama. Kauli ya kutendea inaonyesha matumizi yake bila maelezo zaidi. Inapobidi kutofautisha, isemwe muziki wa kuimbia uliopigwa upya, au rekodi iliyoondolewa sauti. Mfano: Kila shule ije na muziki wake wa kuimbia.

5. Karaoke: burudani ya wateja kuimba hadharani juu ya muziki wa kuimbia. Neno hili lina silabi nne, zote zikiishia kwa irabu, nalo limeingia katika Kiswahili bila kuhitaji kubadilishwa herufi. Litaje burudani, lisitaje rekodi. Tamko la karioki liachwe katika hati rasmi kwa sababu ya utata ulioelezwa.

6. Pleibeki: onyesho linalofuata rekodi yenye sauti ya mwimbaji. Kitendo chenyewe kiitwe kuigiza kuimba.

Neno ala tupu haliwezi kufutwa katika vinywa vya watu, wala hapana haja ya kujaribu. Inatosha liondolewe katika mikataba, kanuni na fomu.

Hitimisho

Kabla ya kuondoka Omurushaka, mwandishi alimweleza kijana wa kibandani swali la nani amebeba mahadhi. Hakulisifu wala hakulipinga. Mteja aliyefuata alipoomba "ala tupu" ya wimbo fulani, kijana alimuuliza: "Ya kusikiliza au ya kuimbia?" Mteja akajibu papo hapo, bila kuhitaji kufafanuliwa. Jibu lake ndilo lililomshawishi mwandishi aweke "muziki wa kuimbia" katika orodha hii badala ya maneno mengine mazito aliyokuwa ameyaandaa.

Wasomaji walio katika mikoa mingine, hasa walimu wa kwaya, maofisa utamaduni na watafsiri wa hati za hakimiliki, wanaombwa kuleta maneno yanayotumika kwao kwa dhana hizi, pamoja na sentensi yalimosikika. Yanahitajika zaidi maneno ya pwani kwa rudio na ya mikoa ya mpakani kwa kuigiza kuimba, kwa kuwa huko ndiko matumizi yanakotofautiana sana.